Milimita mbili: uzoefu wangu na klachi inayoganda

Klachi ya pikipiki ya zamani inapoanza kuganda, taarifa haianzii mkononi, inaanzia mguuni. Unaminya klachi hadi mwisho, unakanyaga gia ya kwanza, giaboksi inagonga kwa kishindo na pikipiki nzima inarukia mbele. Ukifika mahali pa kusimama, yenyewe bado inataka kwenda. Umeshika breki na unahisi injini ikiisukuma chini yako. Unatafuta fri, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, na huipati, mguu unapita tu kutoka gia ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya kwanza. Ukizima injini kwa kukata tamaa, fri inaingia kwa kuguswa tu.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko dalili nyingine zote. Giaboksi yenye ugonjwa ingekusumbua hata injini ikiwa imezimwa. Fri inayopatikana injini ikiwa imelala na kupotea injini ikiwa macho inakuambia kwamba nguvu ya injini bado inafika kwenye gia wakati wewe umeikata. Gia hazina kosa. Kosa liko kwenye klachi, au kwenye kitu chochote kati ya vidole vyako na klachi.

Pikipiki ninayoizungumzia ni ya Kiingereza, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, mitungi miwili, cc 650. Klachi yake ni ya pleti nyingi zinazozunguka ndani ya mafuta, ina springi 3, na inasukumwa na fimbo nyembamba ya chuma inayopita katikati ya shafti ya giaboksi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nimeishi nayo miaka mingi, nimeifungua na kuifunga, na kila niliposaidia wenzangu wenye pikipiki za rika hilo nimekuta wengi wanauliza swali lilelile: ninunue pleti gani? Mara nyingi jibu ni kwamba pleti hazina shida.

Tuweke jambo moja sawa kwanza, kwa sababu nimeona watu wakitibu ugonjwa kwa dawa ya mwingine. Klachi inayoteleza na klachi inayoganda ni magonjwa yanayopingana. Inayoteleza haishiki: unafungua mafuta, injini inapanda sauti, pikipiki haiongezi mwendo. Inayoganda haiachii. Anayekaza springi ili kuondoa kuganda anaongeza tatizo, maana sasa mkono umekuwa mgumu, kebo inavutika zaidi, na mwachano wa pleti umepungua. Kadhalika yale maonyo kuhusu oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano, ambayo ndiyo yaliyofanya Wajapani waweke kiwango chao cha JASO kwa oili za pikipiki mwaka 1998, yanahusu kuteleza zaidi kuliko kuganda.

Kilichonifungua macho ni hesabu ndogo. Ukiminya klachi ya aina hii yote, pleti ya juu, ile inayokandamiza nyingine, hunyanyuka kiasi cha milimita 2 hivi, pengine pungufu. Pleti zenye msuguano, zinazopishana na za chuma tupu, ziko 6, kila moja ina nyuso mbili, kwa hiyo kuna nyuso 12 zinazotakiwa kuachana na chuma zilichokishika. Gawanya 2 kwa 12. Kila uso unapata milimita 0.17. Hiyo ni karibu unene wa karatasi mbili za daftari zilizolaliana.

Na hata hizo hazigawanywi kwa haki. Ndani ya klachi hakuna kitu kinachovuta pleti moja kutoka kwa nyenzake. Springi zinafanya kazi ya kubana tu. Ukiminya, ubano unaondoka na pleti zinaachwa zijitenge zenyewe kwa kuzunguka. Pleti iliyopinda kidogo, kijinundu kwenye ukingo, mafuta mazito, springi moja dhaifu kuliko mbili nyingine: kila kimoja kinatosha kula ule mgawo wote. Ndiyo maana simwamini mtu anayetaja sababu moja tu ya klachi kuganda. Zinakuwa mbili tatu zimeshikana, kila moja inachota kidogo kutoka kwenye milimita 2.

Mimi naanzia nje, kwenye mkono wa klachi, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyohitaji kumwaga mafuta wala kuharibu gaskiti. Pima kutoka katikati ya pini ambayo mkono unazungukia hadi katikati ya tundu linaloshika kichwa cha kebo. Kwenye pikipiki za Kiingereza utakuta vipimo viwili: inchi 1 na 1/16, yaani karibu milimita 27, na inchi 7/8, yaani karibu milimita 22. Kwa macho mikono hiyo miwili inafanana. Lakini ule mfupi unavuta kebo pungufu kwa karibu moja ya tano. Mkono unakuwa mwepesi, mwenye pikipiki anafurahi, na zile milimita 2 zimeshuka hadi 1.6 kabla hujagusa kitu kingine. Kwenye yangu, aliyeimiliki kabla yangu alikuwa ameweka mkono mfupi. Kuubadilisha peke yake hakukumaliza tatizo, ila kulirudisha nusu ya njia.

Kebo nayo sio ya kutazamwa tu kama imekatika au haijakatika. Vua, ining'inize, tia oili nyepesi kwa juu hadi itokeze chini ikiwa safi. Angalia waya wa ndani karibu na kichwa, hapo ndipo nyuzi huanza kukatika moja moja. Kisha tazama inapopita. Gamba la nje la kebo likikunjwa kwa kona kali chini ya tangi, ukiminya linajikunyata badala ya kusogeza waya, na unaweza kuliona likifanya hivyo ukimwomba mtu aminye huku wewe umepiga magoti pembeni. Ikiwa kona inanyooka kila anapominya, huo ni mwendo uliopotea.

Baada ya hapo ni fimbo ya kusukumia. Hapa utaratibu ni muhimu kuliko nguvu. Legeza kebo kabisa kwanza, hadi mkono unaning'inia. Ndani ya giaboksi, upande wa kebo, kuna vigololi 3 kati ya visahani viwili vyenye mabonde. Kebo ikizungusha kisahani kimoja, vigololi hupanda na kusukuma fimbo. Kebo ikiwa imekazwa, vigololi vinakuwa tayari viko katikati ya mlima, na utakachorekebisha upande wa pili kitakuwa kimejengwa juu ya uongo. Kebo ikishalegea, nenda katikati ya pleti ya kukandamiza, fungua nati ya kufungia, zungusha skrubu ndani taratibu hadi uhisi imegusa fimbo, kisha irudishe nusu mzunguko na ufunge nati huku umeishikilia kwa bisibisi isisogee. Ndipo urudi kwenye kebo, uikaze hadi kubaki na uhuru wa milimita 3 hivi pale mkononi.

Uhuru huo sio anasa. Fimbo inayogusa muda wote injini ikizunguka inapata moto, ncha zake zilizofanywa ngumu kiwandani zinalainika, zinavimba kama uyoga, na fimbo inakuwa fupi. Nimewahi kuichomoa fimbo ya mwenzangu ikakataa kupita kwenye shafti kwa sababu ncha ilikuwa imetanuka. Fupi kwa milimita moja tu, na usiporekebisha, klachi imepoteza nusu ya zile milimita 2.

Sasa springi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopata faida kubwa kuliko mahali pengine popote.

Kuna mzee mmoja, fundi aliyestaafu, ambaye nilimpelekea orodha ya vitu nilivyokuwa nikipanga kununua. Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia. "Usinunue kitu kwanza, mwanangu," akasema. "Fungua kifuniko. Mimi nitaminya, wewe piga kiki polepole, halafu uniambie unaona nini." Nikafungua. Mafuta yakamiminika kwenye karai. Akaminya klachi, nikasukuma kiki kwa mkono, na pleti ya kukandamiza ikazunguka. Haikuzunguka ikiwa bapa. Upande mmoja ulikuwa ukija nje, upande mwingine ukibaki ndani, inayumba kila mzunguko. "Umeona?" akauliza. "Ndiyo, mzee." "Basi upande ule uliobaki ndani haujaachia. Hata ukiweka pleti mpya, zitabanwa palepale."

Tangu siku hiyo, hilo ndilo jambo ninaloliangalia mapema kuliko pleti zenyewe. Springi 3 zinakaa kwenye vikombe, kila moja imeshikwa na nati yenye mfereji. Ili kuzifungua unahitaji bisibisi pana iliyokatwa pengo katikati, ikapita pande mbili za stadi, ile skrubu isiyo na kichwa ambayo nati inafungwa juu yake. Kuitengeneza kwa tupa ni kazi ya dakika chache. Chini ya kila nati kuna kinundu kinachojifungia kwenye ncha ya springi ili nati isijilegeze. Ukitaka kuirudisha nyuma, ingiza ncha ya bisibisi nyembamba chini ya nati na usukume springi ndani kidogo, kinundu kiachie, ndipo uzungushe. Wanaolazimisha huishia kukwaruza springi au kuharibu uzi wa stadi.

Anza kwa kuweka nati zote 3 ili uso wa kila moja uwe sawa na ncha ya stadi yake. Weka pikipiki kwenye fri, swichi imezimwa. Minya klachi, funga mkono kwa mpira ubaki umeminywa, kisha sukuma kiki polepole. Simamisha kipande cha waya kikielekea ukingo wa pleti bila kuugusa, jicho lipate pa kulinganisha. Upande unaokuja nje zaidi ndio wenye springi dhaifu: ikaze nati ya hapo nusu mzunguko. Upande unaochelewa ndio uliobana mno: ulegeze. Rudia. Usiguse nati mbili kwa mpigo, utapoteza hesabu. Mwishoni pleti inazunguka na ule mwanya kati yake na waya haubadiliki.

Binafsi naupenda muundo wa springi 3 kwa sababu hiyo. Nukta tatu daima zinatengeneza uso mmoja ulionyooka, kwa hiyo kila nati ina usemi wake unaoonekana. Yenye springi 4 au zaidi inahitaji subira, maana nati moja inaweza kuficha uongo wa nyingine. Ikiwa springi zako zimetofautiana urefu zikiwa nje, badilisha seti nzima. Hiyo ni moja ya sehemu ambazo sishauri kubahatisha.

Ikiwa pleti inanyanyuka bapa na bado klachi inaganda, ndipo natoa pleti. Zile za chuma tupu nalaza moja moja juu ya kioo nene na kupitisha fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia mianya, pembeni. Pleti yenye kupinda inaonyesha mwanga chini yake hata kabla ya fila. Yenye rangi ya samawati imeungua na haifai. Pia pitisha kidole ukingoni: pleti zilizopigwa kwa mashine huwa na ukingo mmoja wa mviringo na mwingine mkali. Lainisha ule mkali kwa jiwe la mafuta, na uzipange zote zikiangalia upande mmoja.

Kisha tazama kikapu, ile ngoma ya nje yenye mifereji ambamo meno ya pleti za msuguano huteleza. Baada ya miaka mingi meno hayo huchimba vishimo kwenye kuta za mifereji, na ukiminya klachi pleti inajaribu kusogea lakini jino limenasa kwenye kishimo chake. Vishimo vifupi vinaondoka kwa tupa bapa, kwa uangalifu, kila ukuta kiasi kilekile. Ukizidisha, meno yatakuwa na nafasi kubwa na yatapiga kelele na kuchimba upya kwa kasi zaidi. Kikapu chenye vishimo virefu kibadilishwe. Na kabla hujafunga, shika kikapu kwa mikono miwili ukiyumbishe. Kikicheza sana, beringi yake imechoka au nati ya kitovu imelegea, na marekebisho yote ya springi hayatadumu.

Neno moja la afya. Pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa, usilisugue likiwa kavu. Zioshe zikiwa zimelowa, mahali penye hewa, na vaa kizuia vumbi usoni.

Mafuta ni hadithi ya peke yake. Pikipiki ikilala, springi zinaendelea kubana pleti usiku kucha, na mafuta yaliyobaki katikati yanakuwa utando mwembamba unaozigandisha, hasa yakiwa mazito na baridi. Kwa hiyo klachi inayoganda mara ya kwanza tu asubuhi, ikaachia na kuwa nzuri siku nzima, mimi siihesabu kuwa na ubovu. Ni tabia ya aina hiyo ya klachi, na inatibiwa kwa mazoea: kabla ya kuwasha, swichi imezimwa, minya klachi na upige kiki mara kadhaa hadi uhisi kiki imekuwa nyepesi ghafla. Hapo pleti zimeachana, unaachia klachi na kuwasha kama kawaida. Kama kasha la cheni ya klachi lina mafuta yake peke yake, yasiyochangia na injini, tumia mepesi. Wengi siku hizi hutia yale ya giaboksi za otomatiki za magari, na kwangu yamefanya asubuhi kuwa rahisi zaidi. Kwenye pikipiki ambazo mafuta ya injini ndiyo hayohayo yanayofika kwenye klachi, huna uhuru huo; fuata uzito uliopangwa kwa injini.

Ila mbinu ya kiki ina mpaka wake. Inafanya kazi kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi hizo kiki inapitia kwenye klachi ndipo ifike kwenye injini. Pikipiki nyingi za Kijapani kiki yake inazungusha injini bila kupitia pleti, kwa hiyo unaweza kupiga kiki klachi ikiwa imeminywa hadi uchoke na pleti zikabaki zimegandana. Kwa hizo, weka gia ya tatu injini ikiwa imezimwa, minya klachi, na uisukume mbele na nyuma hadi gurudumu liachie. Kwa yoyote kati ya hizo, usiwashe kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye gia na mbele yako kuna ukuta au mtu.

Miundo mingine ina visa vyake. Norton Commando, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1967, inatumia springi moja bapa ya duara badala ya springi ndogo nyingi, kwa hiyo suala la kusawazisha nati halipo. Huko kinachojulikana ni mafuta ya giaboksi kusafiri kandokando ya fimbo hadi katikati ya pleti, na wenye nazo huweka sili kwenye fimbo. BMW za zamani za mitungi miwili iliyolala zina pleti moja kavu. Ikikaa muda mrefu kwenye unyevu inashikwa na kutu kwenye gurudumu la injini, na meno ya shafti ambayo pleti inateleza juu yake yakikosa grisi, pleti hairudi nyuma hata ukiminya vipi. Hapo hakuna springi ya kusawazisha. Ni kutoa giaboksi na kusafisha.

Pikipiki itakayolala miezi, mimi huiacha klachi ikiwa imeminywa, mkono umefungwa kwenye usukani kwa kamba laini. Pleti hazikai zimebanana, na unyevu haupati mahali pa kuzishonea pamoja. Kuna wanaoogopa kwamba springi zitachoka. Sijaona dalili hiyo kwenye zangu.

Na baada ya kuweka pleti mpya, rudi kupima uhuru wa klachi mapema kuliko ulivyozoea. Kebo mpya ikivutika, uhuru unaongezeka na klachi inarudi kuganda. Pleti mpya zikijikalisha na kupungua unene, pleti ya kukandamiza inasogea ndani kuifuata fimbo, uhuru unapungua na klachi inaanza kuteleza. Mabadiliko hayo mawili yanaweza kutokea kwa wakati mmoja na kufichana, mkono ukahisi uko sawasawa huku fimbo tayari imegusa. Kwa hiyo sipimi mkononi tu. Nalegeza kebo yote, nafungua kifuniko kidogo kilicho mbele ya skrubu ya katikati, na kuangalia ule nusu mzunguko wa skrubu kama bado upo.